Kohoa Mara Moja

Sanduku la zana la Fundi lilikuwa la kwanza kuingia botini. Likafuata godoro lake, limekunjwa na kufungwa kamba, kisha ile ngazi fupi aliyoitengeneza kwa mikono yake. Mkuu wa kituo alimwambia aende nayo, maana hapakuwa na mwingine wa kuipanda. Nahodha alikuwa anatazama maji kila mara kama mtu anayetazama sufuria jikoni. Yakishakupwa, boti hukaa kwenye mchanga mpaka jioni, na yeye hakutaka kukaa. Dada Mkubwa, dada yake Fundi aliyevuka kuja kumchukua, alikwisha vaa jaketi la kujiokolea ingawa alikuwa bado amesimama gatini, nchi kavu kabisa.

Darubini aliyaona yote hayo akiwa mlangoni pa stoo. Walimpa jina hilo kwa sababu darubini haikumtoka shingoni hata akienda kula. Alijipekua moyoni kama mtu anayepapasa mfuko, akitafuta kilio au hasira, chochote. Mfuko ulikuwa mtupu. Alichokipata ni ganzi tu, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, unaoujua kuwa ni wako kwa sababu umeunganishwa na wewe.

"Leo nani anakuingiza kibandani?" Mkuu wa kituo akamwuliza.

Kabla hajajibu, Fundi akasema kutoka gatini, "Mimi."

"Wewe si unaondoka?"

"Naondoka. Boti haijaondoka."

Dada Mkubwa akamtazama mdogo wake, akamtazama Darubini, akaanza kufungua kamba za jaketi. "Basi na mimi nakwenda," alisema. "Nimekaa hapa siku zote hizi sijamwona huyo ndege anayeninyima ndugu."

Kazi yao ilikuwa hivi. Kisiwani pale kulikuwa na ndege mdogo wa rangi ya majivu, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, wakamwita kimiwani. Duniani kote hayupo ila pale, na hata pale alikuwa anakwisha, kwa sababu ya panya walioshuka zamani kutoka kwenye meli na kujifunza kupanda miti. Kiota chake hakitafutwi kwa kukodolea macho miti, utazeeka. Unamtafuta ndege mwenye uzi wa buibui au mdudu mdomoni, unakaa chini, unanyamaza, unamfuata kwa jicho mpaka akuonyeshe mwenyewe. Hiyo ilikuwa kazi ya Darubini. Kiota kikishajulikana ndipo huja Fundi, akauvisha mti bati ili panya wateleze, akainua kioo kilichofungwa kwenye ufito mrefu juu ya kiota. Yeye hushika ufito, Darubini hukisoma kioo kwa darubini kutoka chini, na hakuna anayegusa kitu.

Kwa kioo hicho ndipo walipoanza. Msimu uliopita, siku ya kwanza ya Fundi kazini, ufito ulimponyoka kidogo mkononi na kioo kikageuka.

"Mayai mangapi?" Fundi aliuliza kutoka kwenye ngazi.

"Sioni mayai."

"Unaona nini?"

"Nakuona wewe."

Ngazi ikatikisika. "Basi andika hivyo hivyo," akasema.

Kuanzia siku hiyo kioo kikawa kinaponyoka mara nyingi kuliko inavyofaa kwa fundi mwenye mkono mtulivu namna ile. Hawakuwa wamesemezana neno kubwa. Walikuwa wanakula pamoja, wanatembea pamoja, na yeye Fundi alikuwa akimwachia upande wa njia usio na miiba. Kila mtu kituoni alijua. Wao wenyewe walikuwa wanajua kama watu wanavyojua kwamba mvua itanyesha, hawaanui nguo.

Mwanzo wa wiki ile, boti ilimleta Dada Mkubwa. Alishuka ametapika njia nzima, akanawa uso, akauliza mdogo wake yuko wapi. Baba yao alikuwa amepooza upande mmoja. Karakana ya vitanda na milango ilikuwa imefungwa, na wateja walikuwa wanakuja kuchungulia vitanda vyao dirishani. Baba haongei vizuri, lakini jina la mwanawe analitamka, na analitamka mchana kutwa.

Fundi alisikiliza, akasema sawa, akaenda kuvisha mti bati. Siku zilizofuata alikuwa anamzunguka Darubini na maneno ya pembeni. Alimwuliza kama kituo kitapata mtu mwingine wa ngazi. Darubini akasema pengine. Alimwuliza kama kule bonde la juu bati zinatosha. Darubini akasema zinatosha. Mtu ukiwa umekaa miaka mingi kwenye kazi ya kunyamaza, siku ukitakiwa kusema mdomo hauna mazoezi.

Na jana mchana, wakati Fundi yuko gatini kupima mahali pa kuweka godoro, Dada Mkubwa alimkuta Darubini jikoni akiosha vikombe. Akachukua kitambaa, akaanza kuvifuta bila kuombwa.

"Sikuja kugombana na wewe, mdogo wangu," alisema. "Nakutazama tu, naona mwanamke mwenye adabu. Mama yetu alipofariki huyu hajui hata kufunga vifungo vya shati. Nilimfungia mimi. Kwa hiyo nikikuuliza, nakuuliza kama mama. Utakuja kukaa kwetu?"

Darubini akasema msimu huu hawezi, viota vimeshaanza.

"Na msimu ujao?"

Alisuuza kikombe kilichokwisha takata.

"Unaona?" Dada Mkubwa alisema, bila ubaya. "Nimesikia huwa mnawavisha hawa ndege pete. Ya bluu, ya kijani, ya njano. Nikasema moyoni, ala, kumbe ndiyo maana. Pete zote za kisiwa hiki zimeishia miguuni mwa ndege."

Darubini alicheka kidogo, kwa bahati mbaya. Dada Mkubwa naye akacheka, kisha akaweka kitambaa chini.

"Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie abaki. Yule ana moyo wa mkate, ukimwambia neno moja atabaki. Na baba atakufa akiliita jina lake ukutani. Mimi sitaweza kukusamehe, na ningependa niweze."

"Sitamwambia," Darubini alisema. Akaisikia sauti yake kama inatoka chumba cha pili.

Sasa walikuwa watatu njiani. Fundi mbele, Darubini katikati, Dada Mkubwa nyuma na viatu vyake vya kisigino kifupi, akiyalalamikia mawe. Alitaka kuelezwa habari ya huko kuingizana ni nini, mtu mzima na akili zake anaingizwaje mahali. Fundi akamweleza bila kugeuka.

Mbele ya kiota kuna kibanda cha turubai la kijani, chenye tundu la kutazamia. Ndege akimwona mtu mmoja anaingia, anajua kuna mtu ndani, harudi kwenye mayai. Lakini wakiingia wawili akatoka mmoja, anaridhika. Ndege hajui kuhesabu. Anayetoka aondoke kwa kelele, apige mluzi, avunje vijiti, ndege aone kwamba adui amekwenda zake. Na aliye ndani haongei, haitiki, hatoki mpaka aje mtu kumtoa. Mkuu wa kituo alikuwa na maneno yake ya kulifundisha hilo: aliye ndani hayupo.

"Kwa hiyo kazi yenu kudanganya ndege," Dada Mkubwa alisema.

"Ndiyo, Dada."

"Na yeye hajawahi kuwadanganya?"

Darubini angeweza kujibu kwamba yeye na ndege wa kiota cha leo walikwisha zoeana kiasi cha kujifanya hawaonani. Ndege huyo alipokuwa anajenga kiota hiki, Darubini alishikwa na mafua akakohoa kibandani wiki nzima. Siku ya kwanza ndege aliinua shingo. Ya pili akageuza jicho tu. Baadaye akawa anasuka uzi wake wa buibui kana kwamba kikohozi ni upepo. Fundi, aliyekuwa anakuja kumtoa kila mchana, alicheka sana. "Huyu sasa anakijua kikohozi chako kuliko mama yako," alisema. "Siku ukinyamaza ndiyo ataogopa." Akamletea maji ya moto yenye asali. Kilikuwa kicheko cha siku ile, wakakisahau.

Leo hapakuwa na cha kuchekea. Dume la kiota hiki lilikuwa limetoweka, na jike lilibaki peke yake na mayai mawili. Likitaka kula, lazima liyaache yapoe. Mkuu wa kituo alitaka kujua linakaa nje muda gani. Kama ni muda mrefu, mayai yatahamishwa kiota cha bonde la juu, kwa jozi yenye yai moja, yalelewe na jirani. Kuhamisha nako kuna hatari yake, hakufanywi kwa kubahatisha. Lazima mtu akae, aone. Na jike likishtuliwa leo, likichelewa kurudi kwa sababu ya watu, hakutakuwa na kitu cha kuhamisha.

Kwenye kona ya mwisho Dada Mkubwa alikaa juu ya jiwe. Akasema viatu vimemshinda, na hata hivyo kutoka pale anaona kila kitu.

Walipokaribia, jike liliruka kutoka kiotani. Wakaingia kibandani upesi, kama walivyozoea. Ndani palinuka turubai lililopigwa jua. Fundi aliweka sawa kasha la kukalia, akafuta ukingo wa tundu kwa kidole ili vumbi lisimwingie Darubini jichoni. Hakikuwa kibanda cha watu wawili. Bega lake liligusa bega la Darubini likakaa hapo, muda ambao kwa kawaida angekuwa amekwisha ondoka. Darubini alitazama kiota kupitia tundu. Alijua akigeuza uso atamwona Fundi akimtazama, bila kioo safari hii, na akajua hana cha kuweka katika uso wake mwenyewe. Hakugeuka.

Fundi akatoka. Darubini akasubiri mluzi.

Mluzi haukuja. Nyayo zilikwenda kidogo, zikasimama, zikarudi. Zikasimama nyuma ya turubai, karibu kiasi kwamba kivuli chake kiliingia ndani kikamfunika magoti.

"Darubini," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Najua hupo."

Jike lilikuwa kwenye tawi kavu, pembeni ya kiota. Linamtazama huyo mtu kwa jicho moja, halafu kwa jicho la pili. Mayai yalikuwa wazi. Darubini aliyaona kwa darubini, yamelala ubavu kwa ubavu, na upepo wa asubuhi unayapitia juu.

"Basi nasema na turubai," Fundi aliendelea. "Wiki nzima nakungoja useme kitu, unaniambia habari za bati. Sikulaumu, na mimi nilikuwa nakuuliza bati. Sikiliza. Nimeongea na Mkuu. Nafasi yangu ipo mpaka boti iondoke. Baba nitamtafutia fundi wa kushika karakana, nitakuwa nakwenda na kurudi. Dada atapiga kelele, halafu atanyamaza, namjua. Lakini sitaki kumwudhi Dada kwa ajili ya ndege. Nikibaki, nabaki kwa ajili yako. Ndege watapata mtu wa ngazi."

Jike likapiga sauti ya onyo, fupi, kavu, kama kucha kwenye meza. Darubini alitamani aendelee kusema mpaka jioni, na alitamani aondoke sasa hivi. Matamanio yote mawili aliyaona kwa mbali, kama watu wawili wanaopungiana mikono ng'ambo ya bonde.

"Nataka nijue kama kuna mtu anataka nibaki," Fundi alisema. "Usiseme neno, nakuomba. Usitoke. Kohoa mara moja tu. Ukikohoa, nakwenda kuteremsha sanduku langu."

Aliye ndani hayupo. Hilo ndilo lililomjia Darubini kwanza. Kisha likamjia la jikoni, kitambaa kimewekwa chini, na sauti yake mwenyewe ikisema sitamwambia. Kisha mayai. Yote matatu yalikuwa ni sababu nzuri na aliyapanga vizuri, moja juu ya jingine, kama mtu anayepanga matofali mlangoni kwake akiwa ndani. Koo lilikuwa kavu. Aliweka mkono mdomoni, ingawa hakuna kilichokuwa kinatoka.

"Wewe, baba," sauti ya Dada Mkubwa ikaja kutoka kwenye kona, haikuwa kali. "Maji yanakupwa."

Kivuli hakikuondoka. Kilingoja. Darubini alikitazama magotini pake, ncha ya kivuli cha bega, namna kinavyopanda na kushuka kwa pumzi.

"Haya," Fundi alisema.

Akaondoka. Na kwa sababu alikuwa mtu wa kazi yake, alivunja vijiti njia nzima na kupiga mluzi, ule mluzi wake usiofuata wimbo wowote, mpaka ukaisha masikioni.

Jike lilikaa kwenye tawi kidogo. Likashuka ukingoni mwa kiota, likageuza yai moja kwa mdomo, likageuza la pili, likakaa juu yake, likajitikisa manyoya ya tumbo mpaka likatosha. Darubini alishusha pumzi. Lilikuwa limekaa nje muda mrefu, lakini si mrefu wa kuua. Alifikiri sasa ndipo kilio kitakuja. Akakingoja, akimtazama ndege. Hakikuja.

Kilichokuja ni injini. Ilisikika kutoka chini gatini, ikakataa, ikawaka. Na hapo koo lake, ambalo lilikuwa kavu muda wote huo, likamwasha. Akajaribu kuzuia, akashindwa. Akakohoa. Kikohozi kikubwa, cha kukunja mgongo, ndani ya turubai.

Akainua darubini haraka, roho mkononi.

Jike halikuruka. Halikuinua hata shingo. Liligeuza jicho lake lenye duara upande wa kibanda, likalirudisha, likafumba.

Darubini alikaa na darubini usoni. Akakumbuka wiki ya mafua, maji ya moto yenye asali, na mtu anayecheka kwenye mlango wa turubai. Fundi angeweza kumwambia aseme ndiyo. Angeweza kumwambia agonge kasha, au atikise turubai. Alisimama pale na sanduku lake limekwisha ingia botini, akatafuta sauti moja ambayo isingemgharimu ndege kitu, wala isingevunja ahadi ya kutosema ambayo pengine alikwisha ihisi, na akampa hiyo. Aliyajua mayai vizuri kama yeye. Hakuwa amemwomba achague.

Injini ikabadilisha mlio, kama boti zinavyofanya zikishapita mwamba. Darubini akakohoa tena, makusudi, mara moja. Jike lilikuwa limelala.

Hakuweza kutoka. Hapakuwa na mtu wa kumtoa mpaka mchana, Mkuu wa kituo alipokuja akikohoakohoa njiani na kukanyaga vijiti.

"Alirudi?" aliuliza.

"Alirudi."

"Alikaa sana nje?"

"Kidogo. Kulikuwa na watu."

Mkuu wa kituo akamtazama, akampa mkono ainuke, maana miguu yake haikumbeba. Wakashuka. Gatini palikuwa na alama ya kamba kwenye nguzo na mchanga mtupu.

Mayai hayakuhamishwa. Moja lilikuwa viza tangu mwanzo. La pili lilianguliwa, na kifaranga alivishwa pete, bluu juu ya kijani. Msimu uliofuata alionekana bonde la juu na mwenzake, wanabeba uzi wa buibui.

Baba yake Fundi aliishi zaidi ya walivyotegemea. Alifia kwenye kitanda alichochongewa na mwanawe, na siku za mwisho aliacha kuita jina, kwa kuwa mwenye jina alikuwa amekaa hapo. Fundi aliifungua karakana. Alioa mwalimu wa shule ya jirani, mwanamke mcheshi, wana mabinti. Hatengenezi ngazi.

Dada Mkubwa hakupanda boti tena. Kila msimu humpa nahodha salamu za kumpelekea Darubini, na mara moja alimpa kitambaa cha kufutia vikombe, kipya, hakikuwa na ujumbe.

Mkuu wa kituo alistaafu, akaenda kukaa kwa mwanawe. Husema anawakumbuka ndege. Nahodha ni yule yule.

Vimiwani wameongezeka. Si wengi, lakini wapo mabonde yote mawili, na miti yenye bati huonekana ikimeta ukiwa bado baharini.

Darubini ndiye Mkuu wa kituo sasa. Hakuolewa. Akiulizwa husema viota vilikuwa vimeanza. Wakija watu wapya huwapeleka kibandani mwenyewe, na kuwafundisha kama alivyofundishwa: waingie wawili, atoke mmoja, aliye ndani hayupo, haongei, haitiki, hatoki. Kukohoa anaruhusiwa.